Mwongozo kamili: Maonesho ya sanaa Bagamoyo ya kuchangia studio ya tatuu na hina iliyo wazi kwa kila mtu

Anayetaka kufungua studio ya tatuu katika mji kama Bagamoyo ana mizigo miwili: kutafuta pesa, na kuwaeleza majirani ni nini hasa kitafanyika nyuma ya ule mlango. Maonesho ya sanaa yanaweza kubeba yote miwili, mradi yasigeuzwe shughuli ya kuzungusha kapu la mchango. Mimi nasimamia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho wa mwongozo huu: kila kazi inayouzwa ilipie kitu chenye jina, kitu ambacho mnunuzi ataweza kukiona kwa macho siku studio itakapofunguliwa. Watu wa pwani hutoa. Wanachochoka ni kutoa bila kujua kilichonunuliwa.

Kwanza iandikeni studio, picha baadaye

Kabla ya kumpigia msanii yeyote simu, kaeni mwandike studio yenyewe itakuwaje. “Wazi kwa kila mtu” ni maneno mepesi mpaka yawe vipimo. Kiti cha magurudumu kitapitaje mlangoni? Mlango uwe na nafasi ya sentimeta 90. Kama kizingiti kina urefu wa sentimeta 15, njia ya mteremko inahitaji karibu sentimeta 180, maana kipimo kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili. Majengo mengi ya mji mkongwe yana ngazi za mawe mlangoni, kwa hiyo suala hili liamueni kabla ya kulipa kodi.

Mwanamke anayetaka kuchorwa na mwanamke mwenzake, faraghani, atapata chumba chenye pazia au mlango wa kufunga? Mteja kiziwi atazungumza na fundi kwa njia gani? Mwenye kovu la upasuaji anayetaka lifunikwe kwa mchoro atapokelewa na mtu anayejua kungoja kovu likomae? Mwenye ualbino atapewa ushauri wa kweli kuhusu jua na ngozi yake, au ataambiwa tu alale kitandani? Na wapo wale ambao miili yao hujenga makovu yanayovimba, jambo linalotokea zaidi kwa wenye ngozi nyeusi: fundi mwema huuliza historia ya makovu kabla ya kuwasha mashine, na mara nyingine hukataa kazi.

Halafu kuna hina. Studio Bagamoyo isiyo na meza ya hina imejifungia nje wateja wengi wa mji huu. Mji una Waislamu wengi, na wanazuoni wengi wa Kiislamu hawaruhusu mchoro wa kudumu; hina haina tatizo hilo. Semeni hivyo waziwazi, msijifanye hamjui. Ila andikeni pia kwamba piko ya dukani, ile nyeusi ya kupakia nywele, haitapakwa ngozini ndani ya studio yenu. Nyingi zina kemikali ya PPD inayoweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge, na mtu akishapata mzio huo mwili huendelea kuukumbuka kwa maisha yake yote. Bibi harusi mwenye malengelenge mikononi si tangazo zuri la mtu yeyote.

Sheria za ndani za studio nazo ziwe mbili tatu tu lakini ngumu. Hakuna tatuu kwa aliye chini ya miaka 18. Hakuna tatuu kwa mlevi. Na kijana anayetaka kuomba kazi jeshini au polisi aambiwe mapema kwamba matangazo ya ajira za vyombo hivyo huwataka waombaji wasio na michoro mwilini. Fundi anayenyamaza hapo anamuuzia mwenzake hasara.

Orodha ya vitu

Sasa tengenezeni orodha ya manunuzi, na ipangeni kwa usalama kwanza, urembo mwisho. Hii ndiyo itakayotundikwa ukutani pamoja na picha, kwa hiyo iandikeni kwa lugha ambayo mama ntilie wa jirani ataielewa.

Juu kabisa naweka maji yanayotiririka na sinki. Kisha otoklevu, yaani mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo: nyuzi joto 121 kwa dakika 15 zikihesabiwa baada ya joto kufika pale, na nusu saa kama vifaa vimefungwa. Kuchemsha vifaa kwenye sufuria hakutoshi, hata maji yakitokota mpaka magharibi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai kwenye tone la damu lililokauka kwa siku saba au zaidi, na hiyo ndiyo sababu sindano hutumika mara moja tu na kutupwa.

Zinafuata sindano, wino, glavu, na masanduku ya usalama ya kutupia vyenye ncha kali. Sanduku likijaa robo tatu linafungwa. Linakwenda wapi? Tafuteni makubaliano ya maandishi na kituo cha afya chenye tanuri la kuchomea taka, tena mapema, maana bila hayo sanduku litaishia dampo na mtoto ataokota sindano. Dawa ya klorini ya kufutia damu ni rahisi: ile ya dukani yenye asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, inatoa asilimia 0.5 inayohitajika. Mafundi nao wachanjwe homa ya ini B, dozi tatu ndani ya miezi sita; hiyo pia ni gharama, na ikae kwenye orodha.

Baada ya hapo ndipo kitanda kinachopanda na kushuka, taa, mashine, viti vya wageni, rangi ya ukuta. Kila mstari uwe na bei mliyoiuliza dukani kweli. Bei ya kukisia huonekana.

Karatasi na ofisi

Hapa nitapita haraka, ingawa ninyi msipite haraka. Kikundi kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mfungue akaunti ya benki yenye wasaini watatu, na namba ya malipo ya simu iwe kwa jina la kikundi. Mchango ukiingia kwenye simu ya mwenyekiti, hata awe mwaminifu namna gani, maneno yataanza. Maonesho yenyewe yanahitaji kibali: anzeni kwa afisa utamaduni wa wilaya, ambaye atawaelekeza mahitaji ya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na barua ipite kwa mwenyekiti wa kitongoji. Polisi wapewe taarifa. Kwa studio, ulizeni afisa afya kuhusu ukaguzi kabla hamjanunua hata kiti.

Tahadhari moja inayosahaulika sana: msiuze tiketi za bahati nasibu ya “nunua namba ushinde picha”. Bahati nasibu inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hata ikiwa ni kwa jambo jema. Mnada wa karatasi unaingiza pesa zaidi na una adabu yake; nitaueleza chini.

Wakati

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, achaneni nayo. Barabara zinatota na picha zinavimba. Juni hadi Septemba kusi inavuma, hewa ni kavu kidogo, na wageni wapo. Chaguo jingine ni kujishikiza kwenye Tamasha la Sanaa na Utamaduni linaloandaliwa na TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, tamasha lililoanza mwaka 1982, wakati mji unapojaa watu waliokuja kwa ajili ya sanaa. Faida yake ni wageni wa bure. Hasara yake ni kwamba ngoma zikianza kulia hakuna atakayesimama mbele ya picha yenu kwa dakika tano. Ningefungua maonesho siku mbili kabla ya tamasha na kuyafunga siku moja baada yake.

Epukeni Ramadhani. Siku ya Ijumaa fungueni baada ya sala. Ufunguzi rasmi uwe Jumamosi saa tisa alasiri, si usiku: jua hapa huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na mgeni wa Dar es Salaam aliyekuja kwa daladala anataka kurudi na usafiri. Ukifungua saa mbili usiku umewaalika wenye magari tu, halafu unajiita studio ya kila mtu.

Wasanii, na haki yao

Bagamoyo haina uhaba wa mikono. Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, kikawa TaSUBa mwaka 2007, na wahitimu wake wengine wamebaki mjini. Wapo wachoraji wa Tingatinga, wachongaji wa mpingo, wapiga picha, mafundi wa milango ya nakshi, na wapaka hina ambao hakuna aliyewahi kuwaita wasanii hadharani. Hao wa mwisho waanzeni nao. Mpeni mpakaji hina aliyezoea mikono ya maharusi karatasi kubwa nyeupe na muda wa kutosha, kisha itundikeni kazi yake kwa heshima ileile ya mchoro wa rangi ya mafuta.

Msimwombe msanii atoe kazi bure. Ombi hilo limezoeleka mno, na linamfanya maskini amchangie maskini mwenzake huku mnunuzi akipata picha kwa bei ya chini. Pendekezo langu: nusu kwa msanii, asilimia 15 gharama za maonesho, asilimia 35 studio. Anayetaka kutoa nusu yake pia atoe kwa hiari yake, baada ya kulipwa.

Makubaliano yawe ya maandishi, ukurasa mmoja: bei, mgawanyo, nani atalipa picha ikiharibika, itarudishwa lini isipouzwa. Na mstari mmoja kuhusu hakimiliki. Kuuza picha si kuuza haki ya kuichora kwenye ngozi za watu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haki hiyo inabaki kwa msanii mpaka aitoe. Kama mnataka studio itumie michoro hiyo baadaye, ombeni kibali na mkubaliane malipo kwa kila mteja atakayeichagua. Wasanii watawaheshimu kwa hilo kuliko kwa hotuba yoyote.

Mada ya kuta

Msijaze kuta kwa picha za mbalamwezi na majahazi kisha mkaweka kibuyu cha mchango mlangoni. Maonesho yaeleze mwili wa mtu wa pwani ulivyopambwa na kuandikwa: hina ya arusi, chale, nembo za Wamakonde, yaani michoro ya kuchanjwa usoni na kifuani, ndonya ya mdomo wa juu, mpaka tatuu ya kijana wa leo aliyoipata Dar. Mgeni aliyeingia akidhani tatuu ni uhuni wa wanamuziki atoke akikumbuka uso wa bibi yake.

Lakini wazee wenye nembo si vyombo vya makumbusho. Picha ya uso wa mzee ipigwe kwa ridhaa yake, aione kabla haijatundikwa, aamue kama jina lake litaandikwa, na alipwe. Akikubali, mwalikeni azungumze mwenyewe, aketi kiti cha mbele, aeleze alichorwa na nani na kwa nini. Akisema hapendi vijana wachore, mwacheni aseme. Maoni yake yana nafasi ndani ya chumba hicho.

Kwa wasioona, wekeni kazi za kushikwa. Vinyago vya mapiko vya Wamakonde, vile vinavyovaliwa kwenye ngoma, vina mfano mzuri sana: kwenye baadhi yake nembo za uso hubandikwa kwa nta, zikasimama kama mistari unayoweza kuisoma kwa vidole. Agizeni kwa mchongaji kinyago au vibao kadhaa vya namna hiyo, viwekwe mezani vikiwa na maandishi “tafadhali gusa”. Watoto watavimaliza kwa kuvishika, na ni sawa.

Mlangoni pasiwe na picha ya mwili mtupu. Hilo ni suala la ujirani tu: mtu anapita na watoto akitoka msikitini au kanisani. Picha za namna hiyo, kama zina haki ya kuwepo, zikae chumba cha ndani na pazia.

Kutundika kwenye kuta za matumbawe

Mkipata ukumbi wa kisasa, ruka sehemu hii. Mkipata nyumba ya zamani, isomeni mara mbili.

Nyumba za mji mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huo hutoa unyevu na chumvi, na msumari ukiupiga unatoka na kipande cha plasta cha ukubwa wa sahani. Kama jengo linalindwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, msumari huo ni kesi pia. Kwa hiyo picha zisiguse ukuta. Jengeni fremu za mirunda iliyonyooka au mbao za mbili kwa mbili, zisimame zenyewe kwa miguu mipana, hatua moja kutoka ukutani. Au tupeni nyuzi za kuvulia samaki kutoka kwenye boriti za dari, nyuzi mbili kwa kila picha, na fundo la mvuvi halifunguki hovyo. Nyuma ya kila picha bandikeni vipande viwili vya kizibo au raba pembe za chini ili hewa ipite.

Karatasi ndiyo adui mkubwa wa pwani. Michoro ya karatasi iingie kwenye kioo ikiwa na ubao usiovuta unyevu nyuma, si kadibodi. Msiwashe feni ielekee picha zisizo na kioo. Upepo wa bahari hubeba chumvi.

Katikati ya picha pawe sentimeta 135 hadi 140 kutoka sakafuni. Majumba mengi ya sanaa hutumia 150 hivi, lakini aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu huishia kuona mwanga wa taa kwenye kioo. Kati ya fremu na fremu acheni mita moja na nusu ili kiti kigeuke. Maelezo yawe ya herufi kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, kwa Kiswahili kwanza. Kwa wageni wa nje fanyeni karatasi ya mkononi ya Kiingereza. Tafuteni mkalimani wa lugha ya alama kwa siku ya ufunguzi, mlipeni, na atangazwe kwenye bango ili viziwi wajue wamealikwa.

Umeme: luku ijazwe mapema na taa za sola ziwe tayari umeme ukikatika. Sina la kuongeza hapo, kila mtu wa Bagamoyo anaijua habari hiyo.

Kuuza

Chini ya kila kazi bandikeni kadi mbili. Ya kwanza ina jina la msanii, kazi na bei. Ya pili inasema kazi hii ikiuzwa, sehemu ya studio italipia nini: “glavu za miezi mitatu”, “mteremko wa mlangoni, nusu”, “chanjo ya fundi mmoja”. Ikiuzwa, mnatia alama kwenye ile orodha kubwa ukutani mbele ya mnunuzi. Orodha ikianza kujaa alama, wanaosita husogea.

Fanyeni hesabu kwa macho makavu. Tuseme mna kazi 30, wastani wa bei shilingi 150,000, na zimeuzwa 12. Mauzo ni 1,800,000. Wasanii wanachukua 900,000, gharama 270,000, studio inabaki na 630,000. Hiyo haifungui studio. Kwa hiyo bei za chini zinahitajika: kadi za michoro za shilingi 2,000, mabango madogo, michoro ya kanga iliyochapwa kwenye mifuko. Meza ya hina nayo ifanye kazi siku zote za maonesho. Mpakaji hina achukue nusu ya malipo ya kila mkono. Mnunuzi mgeni hupenda kazi inayokunjika, basi kazi kadhaa za Tingatinga ziwe za kitambaa bila fremu, na vipande vya bomba la plastiki viwe tayari mezani vya kuzifungia. Kipande cha bomba kimeuza picha nyingi kuliko maneno matamu.

Mnada wa karatasi ni hivi: kazi tano bora hazina bei ya kudumu. Chini ya kila moja pana karatasi yenye kianzio, na anayetaka anaandika jina na kiasi kilichozidi cha aliyemtangulia. Unafungwa Jumapili saa kumi na moja jioni, hadharani. Hakuna mpiga kelele, hakuna anayeaibishwa kwa kukosa.

Jambo ambalo halifanyiki ukumbini, hata mgeni akisihi na noti mkononi, ni kumchora mtu tatuu. Hamna sinki, hamna otoklevu. Ndivyo vitu mnavyochangishia. Kumchora mtu pale ni kuikana orodha yenu wenyewe. Mwandikeni kwenye daftari la miadi, na kama anataka kutanguliza malipo, apewe risiti.

Majirani

Wiki moja kabla ya ufunguzi fanyeni asubuhi ya majirani. Mwenyekiti wa kitongoji, shehe, padri, akina mama wa hina, bodaboda wa kijiweni, mwalimu. Chai, kahawa na kashata, bila waandishi wa habari. Waonesheni sanduku la usalama na orodha ya sheria kabla ya picha. Maswali yatakuwa makali: mtawachora watoto wetu? Mtaleta ulevi? Damu mtamwaga wapi? Yajibuni moja moja, na lile msilo na jibu lake liandikwe mbele yao, lijibiwe kwa barua. Shehe hana wajibu wa kuibariki tatuu, na msimwombe afanye hivyo. Kinachotosha ni ajue kwamba mtoto hatachorwa na sindano haitatupwa njiani.

Baada ya kufunga

Siku ya mwisho hesabuni pesa mbele ya wasanii wawili na jirani mmoja. Wasanii walipwe ndani ya siku saba, kabla ya manunuzi yoyote. Kazi zisizouzwa zirudi kwa wenyewe zikiwa zimefungwa vizuri, kwa nauli yenu. Kisha nunueni kwa mpangilio wa orodha, kuanzia juu. Msishawishike kununua mashine nzuri kwa sababu ilipunguzwa bei wakati sinki bado halijaungwa. Karatasi ya mapato na matumizi, pamoja na nakala za risiti, ibandikwe ofisi ya kitongoji na mlangoni pa studio, na kila mnunuzi atumiwe picha ya kile alicholipia. Kama pesa iliishia kwenye sinki na masanduku ya usalama tu, piga picha ya sinki, mtumie.